Je, Wajua? Siri Ndogo Ndogo Zilizomo Katika Mawimbi ya Mashimo Meusi

Mashimo mawili meusi yanapozungukana, yakakaribiana na hatimaye kuungana, anga lenyewe hutikisika, na mtikisiko huo husambaa ulimwenguni kwa kasi ya nuru. Wanasayansi huuita mawimbi ya graviti. Tangu mwaka 2015 wamenasa ishara za aina hii zaidi ya 200. Mwanzoni habari kubwa ilikuwa kwamba mawimbi hayo yapo kweli. Habari iliyo nzito zaidi imo katika mambo madogo yaliyojificha ndani yake: mhimili unaoyumba, mlio wa pili uliofifia, msukumo wa ghafla, alama isiyofutika. Yote haya yanatokana na nadharia ya uhusianifu ya jumla, aliyoikamilisha Albert Einstein mwaka 1915, na kila moja ni mtihani ambamo nadharia hiyo ingeweza kuanguka.

Je, wajua jinsi wimbi la kwanza lilivyokuwa dogo?

Tarehe 14 Septemba 2015, vituo viwili vya LIGO, mitambo ya kunasa mawimbi haya nchini Marekani, kimoja Livingston katika jimbo la Louisiana na kingine Hanford katika jimbo la Washington, vilipokea mtikisiko uleule kwa kupishana milisekunde 7. Ulidumu takribani moja ya tano ya sekunde. Ulitoka kwenye mashimo meusi mawili yenye uzito mara 36 na mara 29 ya Jua letu, yaliyoungana umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3 kutoka hapa. Shimo lililozaliwa lilikuwa na uzito mara 62 ya Jua. Uzito wa Jua 3 uliopungua hapo uligeuka kuwa nishati ya mawimbi, na kwa kitambo kifupi nguvu yake ilishinda mwanga wa nyota zote za ulimwengu tunaoweza kuuona.

Wimbi hilo lilipofika duniani lilibadilisha urefu wa mikono ya kilomita 4 ya mitambo hiyo kwa takribani sehemu moja kwa mia nne ya kipenyo cha protoni. Ili kupima hivyo, miale ya leza huakisiwa na vioo vya kilo 40 vilivyoning'inizwa kwa nyuzi nyembamba za kioo. Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2017 kwa kazi hii.

Je, wajua kwamba Einstein mwenyewe aliwahi kuyakana mawimbi haya?

Aliyatabiri mwaka 1916. Miaka 20 baadaye, yeye na msaidizi wake Nathan Rosen waliandika makala iliyodai kwamba hayawezi kuwapo, wakaipeleka kwa jarida la Physical Review. Mhariri aliikabidhi kwa mkaguzi, naye akaeleza mashaka yake kwa kirefu. Einstein alikasirika na kuiondoa makala yake. Mkaguzi huyo alikuwa Howard Percy Robertson, na ndiye aliyekuwa sahihi. Makala ilipochapishwa kwingine mwaka 1937, hitimisho lilikuwa limegeuzwa: mawimbi yapo.

Je, wajua kwamba pwani ya Kenya imo katika historia ya mashimo meusi?

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikisherehekea uhuru wake, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba satelaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na kwa heshima ya siku hiyo satelaiti ikaitwa Uhuru.

Uhuru ilionyesha kwamba miale ya chanzo kimoja angani, kiitwacho Cygnus X-1, hubadilika kwa kasi mno, ndani ya muda usiotimia sekunde moja. Kitu kinachobadilika upesi hivyo lazima kiwe kidogo sana. Cygnus X-1 ikawa ya kwanza kukubaliwa na wanaastronomia wengi kuwa ni shimo jeusi. Satelaiti iliweza kuiona kwa sababu gesi ya nyota jirani hupata joto kali inapovutwa kuelekea shimo hilo. Mashimo mawili yasiyo na gesi pembeni yake hayatoi mwanga wowote, na hapo ndipo mawimbi ya graviti yanapohitajika.

Je, wajua kwamba kompyuta zilishindwa hesabu ya mashimo yanayoungana kwa miongo kadhaa?

Ili kutambua jambo dogo ndani ya ishara, ni lazima kwanza kujua ishara nzima inapaswa kuwaje. Milinganyo ya Einstein ni migumu kiasi kwamba programu za kompyuta zilizojaribu kuonyesha mashimo mawili yakiungana zilikuwa zikikwama kabla ya kufika mwisho. Mwaka 2005 Frans Pretorius, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini, alifaulu kuifikisha hesabu hiyo hadi mashimo yakawa moja. Miezi michache baadaye makundi mengine mawili nchini Marekani yalifanya hivyo kwa njia tofauti. Miundo inayolinganishwa leo na data za vituo imejengwa juu ya kazi hiyo.

Je, wajua kwamba mlio wa mara tatu husikika pale tu uwiano unapovunjika?

Mashimo mawili yakizungukana mara 50 kwa sekunde, wimbi kubwa yanalotoa hutikisika mara 100 kwa sekunde, yaani maradufu. Nadharia inasema kuna pia milio dhaifu ya mara tatu, mara nne na kuendelea. Mashimo yanapolingana uzito, mlio wa mara tatu hujifuta wenyewe. Yakitofautiana sana, hujitokeza.

Tarehe 12 Aprili 2019 ilinaswa ishara ya jozi isiyolingana hata kidogo: shimo moja lilikuwa na uzito wa takribani Jua 30, jingine takribani Jua 8. Ndani yake ukapatikana mlio wa mara tatu, palepale ulipotakiwa kuwa. Faida yake ni kubwa kuliko ladha ya ugunduzi. Kwa mlio mmoja pekee, jozi iliyo mbali lakini imetuelekea hufanana na jozi iliyo karibu lakini imelala upande. Mlio wa pili huondoa utata huo, na umbali hupimwa vizuri zaidi.

Je, wajua kwamba shimo jeusi linalojizungusha huburuta anga?

Mwaka 1918 Josef Lense na Hans Thirring walionyesha kwamba, kwa nadharia ya Einstein, kitu kinachojizungusha huvuta anga lililo karibu nacho lizunguke pamoja nacho. Dunia nayo hufanya hivyo, ila kwa kiasi kidogo mno. Satelaiti ya Gravity Probe B, iliyorushwa mwaka 2004, ilipima mgeuko mdogo kiasi kwamba digrii moja ingehitaji karibu miaka 100,000 kukamilika.

Kwa mashimo meusi mambo huenda mbio. Mtoto akirusha pia ikazunguka huku imeinama, mhimili wake nao huchora duara. Ndivyo bapa zima la mzunguko wa jozi ya mashimo linavyoyumba ikiwa moja linajizungusha kwa mwelekeo ulioinama, na wimbi linalotufikia hupanda na kushuka nguvu kwa kufuata kuyumba huko. Mwaka 2022 watafiti waliochambua ishara ya tarehe 29 Januari 2020 walitangaza kwamba wameona jozi ikiyumba mara kadhaa kwa sekunde moja, kasi iliyozidi mara bilioni 10 ile iliyowahi kupimwa kwa jozi za nyota.

Watafiti wengine wakatahadharisha. Wakati ishara hiyo ilipofika, kituo cha Livingston kilikuwa na kelele ya mitambo, na nguvu ya ushahidi inategemea jinsi kelele hiyo inavyoondolewa. Mjadala huo ni sehemu ya sayansi kufanya kazi yake. Jambo dogo hivi halikubaliwi kwa kuwa linapendeza. Hukubaliwa likisalia baada ya kelele zote kuchujwa.

Je, wajua kwamba shimo jeusi linaweza kujizungusha kinyume?

Ishara iliyonaswa tarehe 10 Novemba 2024 na kutangazwa mwaka uliofuata ilitoka kwa jozi ambayo shimo lake kubwa lilikuwa likijizungusha kinyume na mwelekeo wa mzunguko wa jozi yenyewe. Nyota mbili zilizozaliwa na kuzeeka pamoja kwa kawaida hujizungusha kuelekea upande mmoja. Mwelekeo wa kinyume ni dokezo kwamba mashimo hayo yalikutana ukubwani, ndani ya kundi lililosongamana la nyota, na huenda kubwa lenyewe lilitokana na muungano wa awali. Tofauti ndogo katika umbo la wimbi inasimulia nasaba ya vitu visivyoonekana.

Je, wajua kwamba shimo jeusi linaweza kufukuzwa nyumbani kwake?

Mawimbi ya graviti hubeba nishati na pia msukumo. Yakitoka kwa wingi zaidi upande mmoja, shimo linalozaliwa husukumwa upande wa pili. Uchambuzi wa ishara ile ya Januari 2020 ulikadiria kwamba shimo jipya liliondoka kwa kasi ya takribani kilomita 1,500 kwa sekunde. Katika eneo la Jua letu, kasi ya takribani kilomita 550 kwa sekunde inatosha kuiacha kabisa galaksi ya Njia Nyeupe. Kwa hiyo huenda shimo hilo linasafiri sasa nje ya galaksi yake.

Je, wajua kwamba shimo lililozaliwa hulia kwa milio yake yenyewe?

Baada ya muungano, shimo jipya huwa halijatulia. Hutetemeka kwa milisekunde chache, kisha hunyamaza. C. V. Vishveshwara, mwanafizikia wa India, alionyesha tabia hii kwa hesabu mwaka 1970. Miaka mitatu baadaye Saul Teukolsky, mzaliwa wa Johannesburg, alichapisha mlinganyo unaoeleza mitetemo ya shimo linalojizungusha.

Milio hii ina uzito wa pekee kwa sababu nadharia ya Einstein inadai jambo la ajabu: ukijua uzito wa shimo jeusi na kasi ya kujizungusha kwake, umejua yote. Hakuna milima, hakuna madoa, hakuna kumbukumbu ya lilikotokea. Mlio mmoja wa shimo unaweza kukupa uzito na kasi hiyo. Mlio wa pili lazima utoe majibu yaleyale; ukitoa tofauti, nadharia ina kasoro.

Tarehe 14 Januari 2025 LIGO ilinasa ishara iliyo safi kuliko zote zilizotangulia, takribani mara tatu kuliko ile ya 2015, ingawa jozi zenyewe zilifanana sana. Watafiti walitenganisha milio miwili. Majibu yalipatana.

Je, wajua kwamba shimo jeusi hupoteza uzito huku eneo lake likikua?

Mwaka 1971 Stephen Hawking alithibitisha kwa hesabu kwamba jumla ya eneo la mipaka ya mashimo meusi haipungui kamwe. Dai hili linataka kutafakariwa. Mashimo yanapoungana, sehemu ya uzito hutoroka kama mawimbi, na kujizungusha kwa shimo jipya hupunguza eneo lake. Bado, alisema Hawking, eneo la mwisho litazidi jumla ya yale mawili ya mwanzo.

Ishara ya Januari 2025 iliruhusu kipimo cha wazi. Kabla ya muungano, mashimo hayo mawili yalikuwa na jumla ya kilomita za mraba zipatazo 240,000, karibu sawa na nchi ya Uganda. Baada yake, shimo moja lilikuwa na kilomita za mraba zipatazo 400,000, kidogo zaidi ya Zimbabwe. Uchambuzi wa ishara ya 2015 ulikuwa umeunga mkono dai hilo kwa uhakika wa asilimia 95. Safari hii uhakika ulifika asilimia 99.999. Hawking alifariki mwaka 2018, kabla ya vipimo vyote viwili.

Je, wajua kwamba wimbi huacha alama isiyofutika?

Wimbi la kawaida likipita, kila kitu hurudi kilipokuwa. Mwaka 1974 Yakov Zel'dovich na Alexander Polnarev walieleza kwamba wimbi la graviti linaweza kuviacha vitu vikiwa vimesogea kwa kudumu. Mwaka 1991 Demetrios Christodoulou aliongeza sababu yenye kina zaidi: mawimbi yenyewe hubeba nishati, na nishati yoyote huzaa graviti, hivyo wimbi huzaa mabaki yake lenyewe.

Athari hii haijanaswa bado. Vioo vya LIGO vimening'inizwa, kwa hiyo haviwezi kubaki pale viliposogezwa. Njia inayotumika ni kujumlisha ishara nyingi ili mabaki madogo ya kila moja yakusanyike hadi yaonekane juu ya kelele. Ndiyo maana kila muungano mpya una thamani, hata ule usiopata kichwa cha habari.

Je, wajua kwamba mbio za miaka milioni 130 ziliamuliwa kwa sekunde 1.7?

Tarehe 17 Agosti 2017 zilinaswa ishara za nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa miaka ya nuru takribani milioni 130. Mmweko wa miale ya gama ulifika sekunde 1.7 baada ya mawimbi ya graviti. Tofauti hiyo ndogo, baada ya safari ndefu kiasi hicho, ilionyesha kwamba graviti na nuru husafiri kwa kasi moja, kwa usahihi wa takribani sehemu moja katika milioni bilioni. Nadharia kadhaa zilizopendekezwa kuchukua nafasi ya ile ya Einstein zilifutwa na kipimo hicho.

Mashimo meusi hutoa mtihani wa pili. Kama chembe inayobeba graviti ingekuwa na uzito, mitikisiko ya polepole ingechelewa kidogo nyuma ya ile ya haraka, na umbo la wimbi lingepotoka njiani. Upotovu huo umetafutwa katika ishara nyingi na haujaonekana.

Je, wajua kwamba mwangwi umetafutwa na haujapatikana?

Baadhi ya wanafizikia wa kwanta huamini kwamba kwenye mpaka wa shimo jeusi kunaweza kuwa na kitu kinachorudisha mawimbi, badala ya kuyameza yote. Ikiwa ni hivyo, mlio wa muungano ungefuatwa na mwangwi. Mwaka 2016 watafiti watatu walidai kuona dalili zake katika data za LIGO. Uchambuzi mpana uliofuata, wenye ishara nyingi zaidi, haukupata ushahidi. Jibu la "hapana" lililopimwa vizuri nalo ni maarifa: linaeleza mpaka huo hauwezi kuwa wa namna gani.

Je, wajua kwamba wanasayansi hawa waliwahi kutegewa ishara bandia?

Septemba 2010 ilionekana ishara nzuri iliyoelekea kutoka kundinyota la Mbwa Mkubwa. Mamia ya watafiti waliichambua kwa miezi kadhaa na kuandaa makala kamili. Machi 2011 bahasha ilifunguliwa mbele yao, ikafichua kwamba ishara ilipandikizwa kwa siri na wachache waliopewa jukumu hilo. Lilikuwa zoezi lililokubaliwa na wote, la kuhakikisha kwamba kundi zima linaweza kutambua ishara na pia kulitilia shaka jambo linalolitamani. Ishara ya kweli ilipofika 2015, jambo la mwanzo waliloulizana lilikuwa kama hiyo nayo imepandikizwa.

Je, wajua kwamba mtambo ujao utakuwa angani?

Januari 2024 Shirika la Anga la Ulaya liliidhinisha ujenzi wa LISA: vyombo vitatu vitakavyopangwa kwa umbo la pembetatu, kila upande kilomita milioni 2.5, vikilizunguka Jua nyuma ya Dunia. Vimepangwa kurushwa mwaka 2035. LISA itafuatilia shimo dogo linapozunguka makumi ya maelfu ya mara kabla ya kumezwa na shimo kubwa lenye uzito wa mamilioni ya Jua. Katika mizunguko mingi hivyo, kasoro ndogo kabisa ya nadharia itajilimbikiza hadi ionekane.

Je, wajua kwamba nawe unaweza kutafuta?

Data za LIGO, pamoja na za wenzake Virgo wa Italia na KAGRA wa Japani, huwekwa wazi kwenye intaneti baada ya muda, bila malipo, pamoja na masomo na programu za kuzichambua. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kupakua ishara ya 14 Septemba 2015, kuichuja kelele na kuiona kwa macho yake. Nadharia ya 1915 imefaulu kila mtihani uliokamilika kati ya hii tuliyoitaja. Hata hivyo haijapatana na fizikia ya kwanta, kwa hiyo mahali fulani lazima ifikie kikomo. Kikomo hicho kitagunduliwa na mtu anayepima kwa subira, na hakuna sababu mtu huyo asitoke katika darasa la Dodoma, Kisumu, Bujumbura au Goma.